Sura ya Nne: Ngoma na Mgeni Wake katika Milima ya Usambara

Katika Kiswahili neno ngoma hubeba maana kadhaa kwa pamoja: chombo kinachopigwa, mchezo unaofuata mapigo yake, mkusanyiko wa watu wanaoucheza, na pengine hata ibada au tiba ambayo mchezo huo ni sehemu yake. Kwa sababu hiyo swali la asili ya ngoma fulani ni gumu kuliko linavyoonekana, kwani chombo kinaweza kutoka mahali pamoja, mchezo ukatoka pengine, na haja iliyowakusanya watu ikawa ni ya mahali pa tatu. Sura hii inalifuata swali hilo katika Milima ya Usambara, hasa upande wa magharibi ulipo mji wa Lushoto, na katika uwanda ulio chini yake hadi Tanga, kwa kuchunguza muziki ambao kila mtu hukubali kuwa ulikuja na wageni, yaani muziki wa bendi na matarumbeta. Hoja yake ni kwamba asili ya ngoma huonekana vizuri zaidi mtu anapouliza waliokuwa na haja nayo ni kina nani, kuliko anapoishia kuuliza ilitoka kwa nani.

Mfano wa mbali: jigi ya Waingereza

Kabla ya kupanda Usambara inafaa kutazama mchezo mmoja wa Ulaya ambao wenyewe huuhesabu kuwa wa jadi kabisa. Jigi ni jina la mchezo wa kurukaruka na la wimbo wake, ambao kwa kawaida hupigwa kwa fidla, yaani chombo kilekile cha nyuzi nne kinachosikika katika taarabu, na mapigo yake huenda sita sita kwa mwendo wa haraka. Katika zama za Shakespeare jina hilohilo lilitumika kwa kichekesho cha kuimba na kucheza kilichofuata baada ya tamthilia kwisha, na mwaka 1651 John Playford wa London alichapa kitabu cha kufundisha michezo ya namna hiyo pamoja na nyimbo zake, ambacho wanunuzi wake walikuwa watu wa mjini waliojua kusoma. Mchezo unaodhaniwa kuwa wa mashambani tangu kale ulikuwa tayari umekwisha kupita jukwaani na dukani.

Jambo hilo huonekana zaidi katika mchezo wa jirani yake uitwao moris, ambao nao una jigi zake za kuchezwa na mtu mmoja au wawili. Habari ya kale zaidi inayojulikana kuuhusu katika Uingereza ni ya mwaka 1448, pale chama cha mafundi dhahabu wa London kilipowalipa wachezaji wake, na jina lenyewe kwa kawaida huhusishwa na Wamori, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania. Tarehe 26 Desemba 1899 Cecil Sharp, mwalimu wa muziki, aliwaona wanaume wa Headington, karibu na Oxford, wakiucheza nje ya msimu wake, na siku iliyofuata akaandika nyimbo zao kutoka kwa mpigaji wao, William Kimber. Tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa juhudi za kukusanya michezo ya jadi ya Waingereza. Kimber alikuwa mwashi, na wenzake walitoka kucheza siku ile kwa sababu baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi na walihitaji fedha. Mkusanyaji alisikia sauti ya kale, wakati wachezaji walikuwa wakitafuta riziki ya wiki hiyo. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini la pili ndilo linaloeleza kwa nini ngoma ilipigwa siku ile.

Milima iliyozoea kupokea

Wenyeji wa Usambara hujiita Washambaa, na watu wa pwani huwaita Wasambaa. Nchi yao ya milimani huiita Shambaai, na huitofautisha na nyika, yaani uwanda mkavu ulio chini, wenye joto na mimea mingine. Tofauti hiyo ya nchi mbili ina uzito katika historia yote ya muziki wa huko, kwa kuwa kila kipya kilichofika Lushoto kilikuwa kimepanda kutoka nyika. Ngoma ambayo Wasambaa wanajulikana nayo zaidi leo ni mdumange, na mtu anayetaka kusikia kilicho chao hupelekwa kwanza kwenye hiyo. Lakini hata simulizi ya dola yao haianzi na mwenyeji.

Kwa mujibu wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa kwa sehemu huko Magila kati ya 1895 na 1907, mwanzilishi wa ufalme alikuwa Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu, aliyekuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ambaye kwa ajili hiyo alihesabiwa na ndugu zake kuwa mkosi akafukuzwa. Alipofika milimani aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia watu nyama, akaua simba, na mwishowe akatawazwa Vuga, ambako wafalme waliomfuata waliitwa Simba Mwene. Methali ya Kiswahili isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, inaeleza mantiki ya simulizi hiyo yote: aliyepokelewa alikuwa na kitu kilichopungua kwa wenyeji, na baada ya kupokelewa alipewa cheo, wake na masharti. Steven Feierman, mwanahistoria aliyeandika juu ya ufalme huo mwaka 1974, alionyesha baadaye kwamba Wasambaa walimpima kila mtawala kwa mizani ya kuiponya nchi au kuiharibu, yaani kama mvua na chakula vilipatikana chini yake.

Tabia hiyo ya kupokea na kugeuza haikuhusu wafalme peke yao. Milima hiyohiyo ni makao ya Wambugu, ambao baadhi yao wana lugha inayowashangaza wataalamu wa isimu, kwa kuwa sarufi yake ni ya Kibantu na sehemu kubwa ya msamiati wake ni ya Kikushi. Hivyo tarumbeta ilipofika Usambara ilikuta watu waliokuwa na uzoefu wa muda mrefu wa kuchukua kitu cha nje na kukipa mpangilio wa ndani.

Beni: bendi iliyogeuka ngoma

Muziki wa bendi za Kizungu ulianza kusikika pwani ya Afrika Mashariki kwenye meli za vita, kambi za askari, misheni na majumba ya watawala. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya wanamuziki kutoka Goa. Lamu na Mombasa zilikuwa tayari na desturi ya zamani ya mitaa miwili kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu, na katika miaka ya 1890 vijana wa miji hiyo waliichukua bendi na kuiingiza katika mashindano hayo. Ngoma mpya iliitwa beni, jina linalotokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji walivaa sare, walijipanga kwa safu, walifuata ngoma kubwa na filimbi ya kiongozi, na walipeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Mombasa palikuwa na chama kilichoitwa Kingi, na kingine kilichoitwa Scotchi, ambacho jina lake lilitokana na askari wa Uskoti, watu wa zumari za mfuko na marinda.

Upande wa Tanganyika, kitovu kilichokuwa karibu zaidi na Usambara kilikuwa Tanga. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule katika mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na humo vijana walisoma kwa Kiswahili, wakajifunza ukarani, na baadhi yao wakafundishwa kupiga ala za bendi. Wahitimu walitawanyika katika ofisi na vituo vya bara, pamoja na Wilhelmsthal, jina ambalo Wajerumani waliupa mji wa Lushoto. Katika miji ya pwani beni ilijigawa katika vyama viwili, Marini na Arinoti. Marini, ambalo ni jina la askari wa majini, liliwavuta zaidi makarani, watumishi wa serikali na watu waliojiona wenyeji wa mji, na Arinoti liliwavuta zaidi vibarua na wageni kutoka bara. Hivyo mtu aliyeingia mji asiye na ukoo ndani yake alipata, kwa kujiunga na upande mmoja, ndugu wa kucheza nao na mahasimu wa kushindana nao, na vyote viwili ni njia za kuwa mtu wa mahali.

Reli, kipande na vita

Njia ambayo mambo ya Tanga yalipitia kwenda bara ilikuwa reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ukafika Korogwe 1902, Mombo chini ya Lushoto 1905, na Moshi 1911. Mwaka uleule wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, ambayo ni 62 tu kati ya 1,000 iliyofika hai. Kutoka katika miche hiyo yalitokea mashamba yaliyofuata reli. Mkonge ulihitaji watu wengi kuliko waliokuwako, na kwa hiyo uwanda wa chini ya milima ukajaa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioandikwa kwa namba kutoka sehemu za mbali. Kambi zao zilikuwa mahali pa mtu kusikia ngoma za makabila ambayo hakuwahi kuyaona.

Wasambaa wenyewe waliingizwa katika uchumi huo kwa njia ya kipande. Hii ilikuwa kadi iliyowekwa na serikali ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo ilimlazimu mwanamume kumfanyia mzungu kazi kwa ujira kwa siku 30 katika kila miezi minne, na siku hizo zikaandikwa kwenye kadi. Mtu wa Shambaai aliyekuwa na shamba lake la migomba mlimani alishuka, akamaliza siku zake, akapanda tena. Huyu hakuwa na haja sawa na ya kibarua aliyetoka mwendo wa wiki kadhaa: jioni ilipofika alikuwa na kwao, na kwao kulikuwa na ngoma. Ndiyo maana beni iliota mizizi mirefu zaidi mijini, kwenye vituo vya reli na kambini, mahali ambapo watu walilazimika kuunda undugu bila kuwa na damu moja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizidisha mwendo huo. Waingereza walishindwa kuuteka mji wa Tanga Novemba 1914, lakini katikati ya mwaka 1916 walifika Usambara kwa kufuata reli na kuuchukua Wilhelmsthal. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walitembea nchi nzima, wakakutana vitani na katika kambi za mateka, na amani iliporudi beni ilikuwa imefika mahali pasipo na mji wala reli. Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho uchunguzi mkubwa wa ngoma hii, alieleza jinsi maofisa wa Kiingereza walivyoishuku mara tu baada ya vita, kwa kuwa waliona vyama vyenye matawi katika miji mingi, vyenye wafalme, magavana na makatibu wanaoandikiana barua, wakadhani kwamba nyuma ya mchezo kulikuwa na njama.

Mashaka hayo yalizaliwa na kutojua kazi ya vyeo. Mfalme wa beni alipaswa kuwakaribisha wageni wa chama kutoka mji mwingine, na michango iliyokusanywa ilisaidia mwanachama aliyeugua na ilizika aliyekufa mbali na jamaa zake. Katika nchi ambayo kibarua mgonjwa angeweza kufa asijulikane jina la baba yake, cheo cha kuigiza kilifanya kazi ya kweli. Mabwana shauri waliona waigaji wa jeshi. Wanachama waliona sanda, jeneza na watu wa kulibeba. Hapa beni inakutana na waashi wa Headington, kwani pande zote mbili mchezo uliovutia macho ya mtazamaji ulibeba ndani yake shida ya mchezaji.

Kadiri ngoma hiyo ilivyoenda mbali ndivyo shaba ilivyopungua. Tarumbeta iligharimu fedha nyingi, na kwa hiyo katika nchi za ziwa Nyasa wachezaji walitengeneza ala za kibuyu zenye utando mwembamba, kwa kawaida wa buibui, unaotetema mtu anapoimba ndani yake na kutoa sauti ya bendi. Ngoma zilizotokana na njia hiyo huitwa mganda na malipenga. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini mfano huohuo ulizaa kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu mwaka 1956.

Hesabu ya sita

Lipo pia jambo la muziki wenyewe linalosaidia kueleza kwa nini mwendo wa kijeshi haukuonekana mgeni sana miguuni. Jigi ina mapigo sita ya haraka yanayogawanywa katika mafungu mawili ya matatu matatu, na baadhi ya nyimbo za gwaride, hasa za wapiga zumari wa Uskoti, hutumia hesabu hiyohiyo, mguu wa kushoto ukishuka kwenye pigo la kwanza na wa kulia kwenye la nne. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki mapigo sita hayo yapo, lakini hayahesabiwi na wote kwa namna moja: mpigaji mmoja huyagawa mara mbili kwa matatu, mwingine kwa wakati uleule huyagawa mara tatu kwa mawili, na mchezaji huchagua la kufuata kwa miguu na la kufuata kwa mabega. A. M. Jones, mmisionari aliyechunguza mganda mwaka 1945 na kuandika kwa mapana juu ya muziki wa Afrika mwaka 1959, ni miongoni mwa waliojaribu kuandika kwa nota mpishano huo. Kwa sikio lililolelewa ndani yake, gwaride la Kizungu linasikika kama ngoma iliyopigwa na mtu mmoja huku wenzake wakiwa hawajafika. Kuligeuza kuwa ngoma ni kuwaita wenzake.

Tarumbeta ya kanisani

Wakati beni ilipokuwa ikienea uwandani, ala za aina hiyohiyo zilikuwa na njia nyingine ya kupanda milimani. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianzisha kituo cha Kilutheri Mlalo, kaskazini mwa Lushoto, na katika muongo huo vilifuata vituo vya Vuga, Lutindi na Bumbuli. Misheni yao iliunganishwa kwa karibu na Bethel, mji wa huduma za wagonjwa ulioongozwa na Friedrich von Bodelschwingh karibu na Bielefeld, na huko Bethel alifanya kazi Johannes Kuhlo, aliyeishi kuanzia 1856 hadi 1941 na aliyetumia maisha yake kueneza vikundi vya tarumbeta vya kanisa. Kuhlo alitaka ala za shaba ziimbe kama sauti ya binadamu, kwa upole na kwa sauti nne zilizofungamana, ili zitegemeze tenzi za waumini hata nje ya jengo la kanisa. Katika desturi hiyo tarumbeta haikuwa chombo cha kuchezea. Wamisionari wengi wa zama hizo waliihesabu ngoma kuwa sehemu ya maisha ambayo Mkristo alipaswa kuyaacha, ingawa hawakuwa na msimamo mmoja. Upande wa kusini, Vincent Lucas wa Masasi alijaribu kuanzia mwaka 1913 kuliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulikataza.

Kwa hiyo chombo kimoja kilifika katika eneo moja kikiwa na maagizo mawili yanayopingana: uwandani kilitakiwa kichezeshe, na mlimani kilitakiwa kitulize. Maagizo yote mawili yalikuwa ya waliokileta.

Kilichobaki

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu, na kuanzia miaka ya 1930 beni ilianza kupungua katika miji ya Tanganyika. Sababu haikuwa kuchosha kwa mapigo yake pekee. Haja ilizokuwa ikizitimiza zilipata nyumba nyingine: ushindani wa pande mbili ulihamia katika vilabu vya mpira, makarani walikuwa na chama chao cha Waafrika tangu 1929, fahari ya mavazi ilihamia katika dansi, na baadaye kazi ya kutetea vibarua ilishikwa na vyama vya wafanyakazi. Ngoma haikufa kwa kuwa ya kigeni, kama vile haikuzaliwa kwa kuigwa tu; ilimaliza zamu yake.

Tarumbeta ya kanisani, ambayo haikuwa imekusudiwa kuchezwa, ndiyo iliyodumu zaidi. Vikundi vya matarumbeta vimekuwa sehemu ya maisha ya sharika za Kilutheri nchini, na nje ya kanisa matarumbeta yamekuwa ya kawaida katika harusi za Watanzania wa dini na makabila mbalimbali, yakitangulia msafara wa maharusi huku ndugu wakiyafuata kwa kucheza. Harusi huhitaji kutangazwa ili majirani wote wawe mashahidi, na haja hiyo ni ya zamani kuliko Mlalo na kuliko Bethel. Chombo cha Kuhlo kimepewa kazi hiyo bila kuulizwa maagizo yake ya kwanza, kama vile kigego wa Ungulu alivyopewa kiti cha Vuga na watu ambao mashamba yao yalikuwa yakiliwa na nguruwe.